Forodhani ya Mutrah

Nyie mliokulia Hamriya, hapa Maskati, wakati mmoja na mie mtakumbuka kwamba Ijumaa haikuwa na maswali. Alasiri ikishasaliwa, Baba anateremka kuwasha gari ili lipoe ndani, Mama anaifunga sufuria ya katlesi kwa taulo, na Bibi kasimama mlangoni na buibui lake, viatu kishavaa, analalamika. "Nyie mliozaliwa Maskati wazito kama wali wa jana." Tunabanana kiti cha nyuma, mie na dada yangu na Mama, chupa ya chai katikati ya miguu, achali ya embe inanukia gari zima, na hakuna anayeuliza tunakwenda wapi. Tunakwenda Forodhani.

Naandika haya nimechoka. Mume wangu yuko Duqm kazini, nyumbani nna watoto wawili na bibi mmoja, na tangu Ijumaa iliyopita nna hasira ambazo hazijapata pa kwenda. Lamya, binti wa Ami yangu, mdogo wake Baba, karudi kutoka miji ya pwani ya Mediterania. Kaweka kwenye simu maelezo marefu ya namna ya kuitembelea: mji gani uanze nao, meza ipi ukae ule samaki, wakati gani jua linapendeza usoni. Sawa, kaenda, kapendeza, Mungu amzidishie. Lakini mwishoni akasema huku kwetu hakuna pa kumpeleka mtu. Na siku hiyohiyo, kwenye sinia langu, yeye na babake wakasema Bibi kachanganyikiwa akili na wakataka kunichukulia.

Basi na mie natoa maelezo yangu.

Ukija kuitembelea pwani yetu, ramani ya simu iweke pembeni. Ramani ninayoijua mie ni ya Bibi. Alikuja Oman mtu mzima na watoto wake, kutoka Unguja, akakuta mji wa milima mikavu, na majina ambayo hayakumkaa mdomoni. Hakujihangaisha nayo. Barabara ya ufukweni pale Mutrah, yenye ukuta na mabenchi, akaiita Forodhani, kwa sababu watu wanakaa wakila na kutazama maji, kama kwao. Soko la Mutrah akaliita Darajani. Bustani ya Riyam, tulikopelekwa Idi kupanda mabembea, ikawa Mnazi Mmoja, na mnazi hapakuwa hata wa dawa. Qantab, tulikokwenda kuogelea, ikawa Chukwani. Baba akaendesha gari kwa majina hayohayo, na sisi tukakua tukijua hivyo ndivyo miji inavyoitwa.

Nilipokuwa darasa la nne mwalimu alitutaka tutaje mahali wageni wanapopenda kutembea hapa Maskati. Nikanyoosha mkono mpaka bega likaniuma. "Forodhani!" Darasa zima likacheka. Mwalimu, masikini, akaitafuta kwenye ramani ya ukutani kwa moyo mzuri kabisa, asiione. Nikarudi nyumbani nalia. Bibi hata mchele hakuacha kuuchambua.

"Mwalimu wako kwao wapi?"

"Misri."

"Basi atajuaje? Mgeni huyo. Mwambie aje Ijumaa nimtembeze."

Forodhani nenda baada ya alasiri, milima inapoanza kutupa kivuli barabarani. Chukua mkate wa jana. Sisi tulikuwa tukiuvunja na kuutupa majini, na samaki wadogo wanakuja kwa wingi mpaka maji yanatokota kama sufuria. Kutoka soko la samaki inakuja harufu moja, kutoka Darajani inakuja ya udi, zinakutana puani kwako na hazipatani. Meli ya watalii ikiwa bandarini, wazungu wanapita wekundu kama kamba waliochemshwa, na Bibi anawahurumia kwa sauti. "Jamani, hawana hata kanga ya kujifunika!"

Juu ya mlima wa Riyam kiko kile chetezo cheupe, kikubwa kuliko nyumba. Tulikuwa tukimuuliza Bibi kila wiki watakitia udi lini. "Siku mtakayoolewa." Nimeolewa, chetezo hakikutoa moshi. Nilipomdai akaniambia upepo siku ile ulikuwa mbaya.

Darajani usinunue duka la kwanza. Bibi alikuwa anakishika kitambaa, anakisuta kama mtoto mtovu wa adabu, kisha anaondoka polepole ili aitwe. Sisi tunaona haya, tunajificha nyuma ya buibui lake. Aliitwa siku zote. Siku hizi vijana wanalipa bei waliyotajiwa halafu wanaomba kupiga picha na muuzaji. Na chakula nacho wanakipiga picha juu, chini, ubavuni, mpaka kimepoa. Sisi hatuna picha hata moja ya zile katlesi. Tulizila.

Sasa hasira zangu. Ijumaa hiyo iliyopita, baada ya chakula, Bibi alinawa mikono akasema, "Yalla, nipelekeni Forodhani. Nimekaa ndani wiki nzima kama kuku wa mayai."

Lamya akamgeukia babake. "Umemsikia, Baba? Anajiona yuko Zanzibar."

Ami akakiweka kijiko chini. "Ndiyo maana nasema nimchukue kwangu Maabela. Mtu hajui yuko nchi gani. Akitoka mlangoni akapotea? Kwangu pana geti, pana mtumishi, mlango unafungwa."

Maabela! Huko bahari utaiona kwenye simu.

Ami si mtu mbaya. Miaka yetu ile alikuwa Abu Dhabi kazini, na Forodhani anayoijua yeye ni moja tu, ile ya Unguja aliyoiacha mtoto. Baba, aliyekuwa dereva wa ramani hii, keshatangulia mbele ya haki. Mama yuko Salalah kwa dada yangu. Kwenye sinia lile tulikuwa wawili tu tunaojua, mie na Bibi, na Bibi hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

"Ami," nikasema, "Forodhani ni Mutrah."

Lamya akacheka. "Habibti, Forodhani iko Zanzibar. Hii hapa, hata kwenye simu iko."

"Izime hiyo simu. Umejua vichochoro vya watu wa Mediterania, bibi yako akisema anakwenda wapi humwelewi." Nikampa Ami ufunguo wa gari langu. "Endesha wewe. Mie usiniulize njia. Muulize mama'ko."

Bibi akakaa mbele. Mie nyuma, mdogo mapajani, na Shemsa binti yangu dirishani na mkate wake. Lamya nikamwachia sinia.

"Nyooka," Bibi akasema. "Nyooka mwanangu, unaogopa nini?" Tukapita Ruwi, tukaingia bonde la Mutrah, bahari ikatokea. "Hapo soko la samaki, punguza, wanavuka bila kutazama. Darajani usisimame. Leo meli ipo, watatuuzia shali kama wazungu." Kwenye kioo nikayaona macho ya Ami. Alikuwa anayatafuta majina hayo na kuyakuta mahali pake, moja baada ya moja. "Polepole sasa. Pale penye benchi. Pale, pale! Ah, umepapita. Kaka'ko hapapiti."

Ikabidi tuzunguke.

Tulipokaa, Ami akachutama mbele ya Bibi kama mtoto anayefungwa kamba za viatu. "Mama, hapa wapi?"

"Mutrah. Kwani weye umepotea?"

"Na Forodhani?"

"Ndiyo hapa. Ile nyingine iko mbali."

Ami akasimama. Akafuta uso kwa ncha ya kilemba, akasema anakwenda kununua chai karak. Nikamtazama anavyokwenda na hasira zangu zikaanza kushuka, nikawa naona raha, natunga maneno ya kwenda kumtia Lamya adabu. Shemsa anatupa mkate, samaki wanatokota, mdogo anapiga makofi. Bibi akamkatia Shemsa kipande kingine cha mkate, kisha akageuka akaitazama barabara.

"Baba'ko mbona kakawia?" akaniambia. "Katlesi zitapoa."

Katlesi hatukuzibeba. Na Baba tumemzika.

Nilipogeuka, Ami alikuwa nyuma yetu na vikombe vyake, na nikajua kwa uso wake kwamba amesikia. Nikamngoja aseme. Nikaliona geti la Maabela linafungwa.

Akaviweka vikombe kwenye benchi. Akakaa upande wa pili wa Bibi, begani kabisa.

"Anatafuta pa kuegesha, Mama," akasema. "Siku hizi Forodhani imejaa."

"Mwambie asiende mbali," Bibi akasema, akachukua chai yake.

Na kujaa imejaa kweli. Enzi za Baba gari lilikaa mbele ya benchi lenyewe, milango wazi, redio inaimba, na Bibi akitaka achali anaifikia bila ya kuinuka. Siku hizi unazunguka mpaka mtoto analala, unaegesha mbali, unarudi kwa miguu na mwana kiunoni na jasho mgongoni. Maabela haijatajwa tena. Ijumaa tutakuwepo, Ami kasema atakuja na katlesi za dukani, Mungu atusitiri.

Nawe njoo, karibu. Ila ukiona nafasi iko wazi mbele ya benchi letu, tafadhali usiegeshe. Tunamwekea mtu.