Tulisema Tuko Wanne

Matokeo ya sensa yalipotoka, nililisoma jedwali kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya teksi pale Warwick. Kila manispaa ya jimbo ilikuwa na mstari wake: wanawake, wanaume, wazee, watoto, waliozaliwa nje ya nchi. Mtu mmoja mbele yangu alilisifu, akasema sasa serikali inatujua. Kuhusu flati yetu jedwali lile ni la uongo, na mwongo ni mimi.

Tulikuwa tisa katika vyumba viwili tulivyovigawa kwa mapazia. Mwenye nyumba aliruhusu wanne. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: zikisikika habari kwamba watu wenye fomu wameingia jengoni, wasio na karatasi hubeba ndoo za nguo na kupanda juu ya paa, eti wanafua. Mimi nina kibali cha kuishi nchini, na Kizulu changu kinapita. Mlango ulikuwa kazi yangu.

Siku ya kuhesabiwa, wenzetu walipanda na ndoo zao. Mama mmoja Mkongo, msusi wa sokoni aliyelala upande wa pili wa pazia langu, hakupanda. Alivaa kitenge chake cha kanisani akakaa kwenye stuli karibu na mlango.

"Kaka, na miye leo unihesabu," aliniambia. "Kwetu sijahesabiwaka hata siku moja. Ni vita tu, ni kukimbia tu."

Nikamwambia sawa, mama. Nilisema hivyo ili anyamaze.

Msichana wa sensa aliingia na tableti yake, akauliza kwa Kizulu tuko wangapi. Wanne, nikasema. Akamtazama mama.

"Na huyu?"

"Mgeni. Anakaa Queensburgh, kaja kutusalimia."

Mama alikijua Kizulu kuliko mimi. Angetaka, angeniumbua palepale. Badala yake alisimama, akakikaza kitenge kiunoni.

"Basi kaka, miye naaga. Merci kwa chai."

Hakukuwa na chai. Akashuka ngazi na nguo yake nzuri, hana pa kwenda, akarudi jioni.

Nilimwomba radhi, akacheka. "Haiko shida, kaka." Lakini tangu siku ile alianza kupiga hodi. Ufunguo anao mfukoni, lakini anapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe na kungoja afunguliwe, kisha anaomba ruhusa ya kutumia sufuria aliyoinunua mwenyewe. Niliichukia hodi ile. Siku moja nilimfokea aache maigizo. Mwenye kosa ndiye huwa mkali.

Miezi ikapita. Asubuhi moja alitoka kwenda kusuka, simu akaiacha ikichaji juu ya friji. Hakurudi. Hospitali, polisi, mochwari, kote kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mtu wa kukuuliza unakaa wapi na unakaa na nani. Siku tatu tulibishana nani aende kumuulizia, na sote tulijua wa kwenda ni mimi. Nilijitia homa. Siku ya nne nikaenda.

Alianguka sokoni, wachukuzi wakampeleka hospitali. Alifika akiwa anaongea. Alikaa siku mbili, akafa. Nilimuuliza karani kwa nini hatukuitwa, na sauti yangu ikapanda mpaka watu wakageuka. Karani hata hakukasirika. Alifungua faili akanisomea majibu ya mama mwenyewe, alipoulizwa anakaa wapi na aitwe nani. Ni mgeni, anapita tu. Hakuna wa kuitwa.

Nilishika ukingo wa dirisha.

"Tunakaa tisa," nikamwambia. "Kwenye flati ile tunakaa tisa."

Nikaanza kuwataja mmoja mmoja kwa majina, hata wale wa kwenye paa, na jina la mama nikalirudia mara mbili. Karani hakuandika kitu. Aliniambia nisogee, kuna watu nyuma yangu.