Siku Niliita Majina mu Kambi

Muniache nimalize kwanza njo mucheke, kwani ata miye mwenyewe nikikumbuka ile siku nafunika uso na kitenge, nsoni kabisa.

Nafundisha statistiki hapa Nchelenge, kando ya ziwa, ku shule moja ndogo ya banafunzi ba maendeleo ya jamii. Muhula ulikuwa mufupi, nafasi ya metode moja tu, na direktere yetu alitaka ile ya kompyuta, ya kuchora mustari katikati ya vitone. Miye nikakataa (kichwa yangu ngumu, muulize bwana yangu), nikasema mutu asiyejua kuchagua batu ba kuuliza, kompyuta itamusaidia nini? Tufundishe kuchagua kwa kura. Akasema, "Sawa, Madamu, nitakuja kuangalia. Ikiharibika, kalasi napatia mwengine." Na ile kalasi njo inalisha batoto yangu.

Sasa, badala ya kufanyia mu kalasi, na ubao, kimya kimya, miye nikataka kujionyesha: twende mu kambi ya bakimbizi, tuandike jina ya kila nyumba, tutie mu beseni, tuchanganye, tuite na kipaza sauti ya kanisa. Mwe bantu! Miye mwenyewe mukimbizi, niliishi mu ile kambi, na nikasahau kitu ata mutoto anajua: pale, jina ikiitwa mbele ya batu, maana yake unapelekwa Kanada.

Ya kwanza ilitoka ya Mama Feza, mujane anayeuzisha samaki ya kukausha. Akapiga vigelegele, akapiga magoti mu vumbi, na mbele niseme neno kwaya ya kanisa ilishaanza kuimba. "Mama, ngoja, ni masomo tu!" Nani alisikia? Na miye nikaendelea kuita (njo bujinga yangu ya pili), kila jina furaha inapanda, mwengine anakimbia kufunga sanduku, na Mama Feza anamupatia jirani sufuria yake kubwa: "Chukua, dada, kule ziko zingine." Direktere amesimama tu, mikono mu mifuko, ananiangalia.

Njo nikapanda juu ya kiti, machozi inatoka. "Hakuna Kanada. Tulitaka paka kuwauliza maulizo tu. Munisamehe."

Muziki ikakatika. Mwanaume moja akasogea karibu: "Unatuchezea, weye mutoto ya hapa hapa?" Bengine bakamufuata. Nilitamani udongo inimeze.

Mama Feza akasimama katikati yetu. "Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mama."

Akafuta uso, akakaa chini. "Bon, sawa. Tangu nivuke hii ziwa, jina yangu inaitwaka paka ku kilio tu. Leo batu baliiimbia. Leta maulizo yako, mutoto yangu, mbele nibadilishe roho."

Na bengine bakakaa nyuma yake. Banafunzi baliuliza mpaka jua inashuka, na direktere naye akaomba kalamu. Kalasi nilibaki nayo (sufuria jirani alikataa kurudisha, nikamununulia Mama Feza ingine).

Natotela, Mama Feza, asante sana. Kama haungekaa chini pale, leo sijui batoto yangu bangekula nini. Siku hizi, mbele ya kura, nafundisha kwanza kumuambia mutu tunamuita juu ya nini. Na miye naapa: sitaita tena jina ya mukimbizi mbele ya batu, mpaka siku nyuma ya ile jina kutakuwa safari ya kweli.