Kaka Ezekia Alivyoihamisha Jeki

Usiku ule nililala na hasira, na hasira yangu ina jina: Lameki, mwenye gereji pale njia panda. Jioni nilikuwa nimempelekea pikapu yetu ya viazi. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linagonga, ko, ko, kila tukipita shimo, na tairi lake limelika upande wa ndani. Asubuhi mwanangu Tumaini alikuwa ateremke nayo mlima ikiwa imejaa magunia.

Lameki akaweka jeki chini ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, akainua, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Kimya.

"Hamna kitu hapa," akasema. "Mama Tumaini, wewe tangu ile ajali kila kitu unasikia kinagonga. Hata moyo wako ukidunda utaniletea nikaze nati."

Watu wakacheka. Shemeji yangu Yohana naye akaongeza lake: "Shida haikuwa gari, shemeji. Shida ilikuwa chupa."

Alimaanisha kaka yangu Ezekia. Ndiye aliyekuwa anaendesha gari letu la kwanza. Kwenye mlima uleule gurudumu lilijikunja, tukabingirika. Yeye akafa, mimi nikabaki na mguu huu unaoburuta. Lile gari Lameki ndiye aliyelikagua tukiwa tunajiandaa kusafiri, akatuambia twendeni tu. Halafu msibani akawa wa kwanza kusema marehemu alikuwa amelewa, na Yohana akalitembeza neno hilo vilabu vyote. Ezekia, ambaye hata togwa iliyolala ikachachuka hakuigusa!

Basi nikalala. Nikajikuta jikoni kwa marehemu mama, moto unawaka, na pikapu imesimama katikati ya mafiga na kinu, wala sikushangaa. Chini yake miguu miwili imetokeza. Niliijua kwa nyufa za visigino. Ezekia akajivuta, akatoka. Ovaroli lake la bluu ni safi, halina damu. Nataka kumkumbatia, lakini mikono yangu imejaa viazi, na kila nikivitua vinaongezeka.

Ananitazama.

"Rehema, jeki kaiweka nani hapa?"

"Lameki."

Anaishusha, anaitoa kwenye chesisi, anaisogeza mpaka chini ya ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu. Anainua. Kuta za jikoni hazipo tena, tuko juu ya mlima kwenye ukungu, na bado nausikia moto wa mama ukilialia. Anachomeka mtaimbo chini ya tairi, anaunyanyua kidogo tu.

Ko.

Gurudumu zima linacheza kama jino la mtoto.

"Ukiinulia kwenye chesisi," anasema, "springi inalibana boljointi, linajifanya zima. Inulia kwenye mkono, utaliona."

Anachomoa pini, analegeza nati, anagonga ubavu wa chuma kwa nyundo, na boljointi linadondoka kiganjani mwangu. Viazi sivioni tena. Ndilo hilo, kifundo kinacholishikilia gurudumu kwenye mkono wake, na hili ni kavu, lina kutu, kichwa chake kinazunguka ovyo. Anafunga jipya, gumu, halisogei mpaka ulilazimishe. Anakaza, anarudisha pini, anaikunja ncha. Kisha anatazama bondeni.

"Tumaini asishuke. Na waambie, mimi sikulewa."

Nikaamka nimesimama. Kweli, nimesimama katikati ya chumba, nje kunapambazuka, mkono wangu umefumba kama unashika kitu. Sikunawa hata uso. Tumaini alikuwa anafunga kamba za magunia.

"Shusha."

"Mama, wateja wananisubiri sokoni!"

"Shusha, nimesema. Mjomba wako kakataa."

Tukaipeleka pikapu tupu gereji, tukamkuta Lameki na Yohana na madereva wanakunywa chai. Lameki akaangua kicheko. "Umerudi! Leo umeota nini?"

"Nimeota jeki," nikamwambia.

Nikainama na mguu wangu huu, nikaiweka jeki mwenyewe chini ya mkono wa gurudumu, nikainua. "Haya fundi, shika gurudumu." Akashika huku anawakonyeza wenzake. Tumaini akanyanyua mtaimbo.

Ko! Mkono wa Lameki ukaruka kama umeguswa na moto.

Dereva mmoja wa lori akaweka kikombe chini, akaja kutikisa mwenyewe. "Hii na mzigo? Kona ya pili haifiki."

Nikamgeukia Lameki. "Gari la Ezekia, jeki uliiweka wapi?"

"Mama Tumaini, yale yamepita..."

"Uliiweka wapi?"

Akatazama chini. "Kwenye chesisi."

Alisema kwa kinywa chake, Yohana akiwa amesimama pale, sukari ya chai mkononi, hana chupa ya kutaja. Boljointi yakafungwa mapya, kushoto na kulia. Lameki alilala matopeni chini ya gari, nami nimemsimamia mpaka pini ya mwisho ilipokunjwa. Kisha nikapanda mbele, nikakaa na mwanangu, tukateremka mlima ule kona kwa kona nikiimba kwa sauti, na chini ya miguu yetu hakikugonga kitu.

Ujumbe niliotumwa ndio huu, naupeleka kila nyumba. Ezekia hakulewa. Asiyeniamini akamuulize Lameki.