Mafuta ya Nyonyo Kwenye Picha ya Jicho

Ncha ya jani la mkonge ilinichoma jicho la kulia nikiwa kazini shambani. Maumivu yaliisha baada ya wiki mbili, lakini ukungu ulibaki. Niliposikia kwamba madaktari wa macho wamekuja Same na mashine yao, nilikwenda kulala kwa mama mdogo, maana anakaa karibu na hospitali.

Asubuhi alinishika kidevu. "Huendi kwa daktari na jicho limekauka hivyo. Watasema kwetu hatutunzani."

Akanitia matone mawili ya mafuta ya nyonyo, yaliyoletwa na bibi kutoka Ugweno. Kwetu anayekwenda hospitali huoga, huvaa nguo safi, na jicho nalo hupakwa ling'ae.

Daktari aliniambia niweke kidevu kwenye mashine, nisipepese. Kompyuta ikatoa picha ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kama kitunguu kilichokatwa. Yenyewe ikachora mistari ya rangi kutenganisha matabaka na kupima unene wa kila moja.

"Tabaka la juu limevimba sana," daktari akamwambia muuguzi. "Mwandikie aende Moshi. Huenda akafanyiwa upasuaji."

Nilitazama picha. Mstari wa juu ulikwenda vizuri, halafu kwenye upande wa chini wa jicho ukainuka, mahali pale pale nilipoyahisi mafuta yametuama. Nilijua. Lakini mimi si msemaji mbele za watu, na kusema ilikuwa kumwaibisha mama mdogo. Muuguzi alikuwa ameshaanza kuandika.

"Samahani," nikasema.

"Sema, mdogo wangu," daktari akajibu.

"Nimepaka mafuta."

"Kichwani?"

"Jichoni. Ya nyonyo."

Muuguzi aliweka kalamu chini, akacheka. Daktari aliikuza ile picha, akaisogelea.

"Kumbe! Mashine imeyahesabu mafuta kuwa sehemu ya jicho. Na mimi nikaikubalia."

Akafungua mlango, akawageukia waliokaa kwenye benchi. "Shikamooni wazee. Kuna mwingine aliyepaka kitu jichoni leo?"

"Marahaba," wakaitikia. Mzee mmoja akainua mkono. "Asali kidogo tu, daktari."

"Mimi nyonyo," akasema bibi aliyekaa pembeni yake. "Ulitaka tuje wachafu?"

Watu wakacheka, na mikono mingine miwili ikainuka.

Muuguzi alituosha macho mmoja mmoja. Niliporudi kwenye mashine, mstari wa juu ulilala. Palibaki alama moja nyeupe, ndogo.

"Hili ndilo kovu," daktari akanionyesha. "Liko juu juu. Matabaka ya chini ni mazima. Moshi huendi. Utatumia matone haya, kisha urudi nikupime tena."

Nilikwenda kukaa nje kusubiri dawa. Yule bibi alisogea kunipa nafasi, akifuta maji shavuni kwa pindo la khanga, akaniuliza kama ile mashine inauma.

"Haiumi, bibi," nikamwambia. "Usipepese tu."