Zuhura alipewa grant ya uji wa watoto, mimi nikanyimwa, halafu akaniomba nimpeleke kwetu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii sikusimuliwa na mtu, imenipata mwenyewe, na kuna sehemu hazinipendezi hata mimi ninayeandika.

Mimi ni nutritionist hapa Kitui, ila kwetu ni Kalamba, Makueni. Ofisini nakaa meza moja na Zuhura, mzaliwa wa Kitui town. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na yeye jembe amelizoea kwa kuliona dukani.

Shirika fulani likatangaza research grant ya wanaoanza, yaani wenye wazo la kuboresha afya ya watoto lakini bado hawana data. Tukaomba wote wawili, kila mtu na proposal yake.

Wazo langu lilikuwa uji. Huku mama akienda shambani hubeba uji wa mtoto kwenye flask tangu asubuhi, na joto letu mnalijua. Ikifika mchana umechachuka, mtoto anakunywa, jioni anaharisha. Niliandika proposal nzito: lab, mashine, vipimo vya bakteria.

Zuhura naye aliandika uji. Hakuniibia, tatizo tunaliona sote kliniki.

Ila yeye alitumia mwethya. Kwa wasiojua, mwethya ni kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba huwapikia wote muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Zuhura akasema, kama moto tayari upo, basi upikwe hapo hapo uji fresh wa watoto wote, flask zibaki nyumbani, tuone kama kuharisha kutapungua. Basi, hakuna mashine.

Akapewa. Mimi nikapata email ya kunishukuru kwa kujaribu.

Wakuu, niliumia. Mimi nimelelewa kwenye mwethya, nimebebwa mgongoni huko, huo muthokoi nimeula tangu naota meno. Halafu mtu wa town ndiye anaiona ile sufuria? Alipoleta mandazi ofisini kusherehekea nikasema nimeshiba, na nilikuwa na njaa. Akicheka kwenye simu nahisi ananicheka mimi.

Sasa akaniomba nimpeleke Kalamba siku ya kwanza ya majaribio, eti kwa vile pale ni kwetu na watu wananijua. Nikakubali haraka. Nilitaka niwepo mambo yakimharibikia.

Na yakaharibika.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mama Mumo. Yeye akashughulika na muthokoi, Zuhura akapika uji wa wimbi mwenyewe kwa mambo ya usafi wa research, akaupakua kwenye vikombe, akasogea pembeni na karatasi zake. Akina mama wakatoka kuchimba matuta, wakashukuru vizuri sana, na hakuna aliyegusa kikombe. Kila mmoja akageuka, akavuta leso, akatoa flask aliyoificha kwenye kiondo.

Zuhura akadhani ni sukari, akaongeza. Akadhani ni vikombe, akaviosha tena.

Mimi nilijua shida tangu mwanzo. Kwetu mtoto halishwi kutoka chungu cha mwingine hivi hivi. Watu wanaogopa macho ya wivu, wanaogopa kuwekewa kitu. Aliyepika lazima aonje kwanza, mbele ya wote, ndipo wengine wanywe. Na hakuna mama atakayemwambia mgeni hayo usoni.

Nikanyamaza. Niliona raha, wakuu, raha kabisa. Nikaanza kuipanga kichwani proposal yangu ya round ijayo.

Halafu akaja Mwikali, binti wa jirani yetu, na mtoto mwembamba sana. Alipofungua flask ile harufu kali ilinifikia nilipokaa. Hata yeye aliisikia. Akaangalia sufuria ya Zuhura, akasita, kisha akamlazimisha mtoto anywe tu ule wake. Mtoto anageuza uso, mama anaurudisha.

Nikashindwa. Nikainuka, nikachukua kikombe, nikakinywa chote mbele yao, nikawaambia kwa Kikamba kwamba uji ni mtamu na bado niko hai. Wakacheka. Nikamvuta Zuhura naye akanywa. Mwikali akamwaga ule wa flask, akachukua kikombe, na wengine wakafuata.

Tukirudi Kitui Zuhura alikuwa na furaha kwanza. Baadaye akaniuliza kama nilikuwa najua tangu mwanzo. Sikuweza kudanganya.

Akasema, "Grant si kitu, Nduku, hata ungeniambia umekasirika ningeelewa. Lakini hao watoto wengine walimaliza ule uji mbaya na wewe umekaa hapo unaona."



Uji wake unaendelea vizuri, wameshaanza na kikundi cha pili. Mimi bado nina wivu, sitawadanganya. Nilichojifunza ni hiki: wale akina mama waliogopa macho ya wivu siku ile, na hawakukosea. Yalikuwepo, na yalikuwa yangu.

Nyie wenye mwenzenu aliyepewa kile mlichokitamani, na kila asubuhi mnakaa naye meza moja, mnafanyaje? Nitukaneni mkitaka, ila msiniambie nimwombee. Hilo nimejaribu.