Mistari Mitano ya Kwenda Madrid

Jumamosi ile, wiki moja kabla ya Pasaka, ilianza vizuri. Mama alikuwa jikoni anakaanga bajia, redio ya jirani yetu Mpunjabi ikipenya ukutani kama kawaida yake, na mimi nilikaa sebuleni nikisafisha herufi za taipureta kwa mswaki uliokwisha kazi. Nje jua lilikuwa limetoka, na Southall, pembeni mwa London, jua likitoka watu huanika hata mazulia. Ndege za Heathrow zilipita juu ya paa letu moja baada ya nyingine na hakuna aliyeinua kichwa.

Ghorofani alilala mpangaji wetu, Elena. Homa ilikuwa imemshika siku ya tatu.

Elena alikuwa mwandishi wa riwaya kutoka Buenos Aires. Alikuja kwetu mwaka mmoja baada ya majenerali kuipindua serikali ya Argentina, ameona tangazo letu la chumba kwenye dirisha la duka. Alikuwa na koti moja zito, na ndani ya bitana la koti lile ameshona kurasa za riwaya yake, karatasi nyembamba kama za kufungia sabuni. Mama alipoona mshono ule alisema, "Huyu mwenzetu. Mpe chumba, kodi tutazungumza baadaye."

Mama alijua anachosema, maana sisi wenyewe tulikuwa wakimbizi wazoefu. Unguja tulitoka baada ya Mapinduzi, mimi bado nasoma. Kampala tulikaa miaka minane, nikajifunza kupiga taipu na kuajiriwa na wakili, mpaka sisi Wahindi tukapewa siku tisini tuondoke nchini. Wiki ya mwisho askari waliingia nyumba hadi nyumba mtaani kwetu, wanatafuta dhahabu na wasichana. Nalubega, mama aliyeuza ndizi nyuma ya nyumba yetu, alinificha siku tatu ndani ya stoo yake, chini ya majani ya migomba. Walikuja wakamuuliza, na niliwasikia. Aliwajibu, "Hapa kuna ndizi tu. Mnataka ngapi?"

Ndiyo maana kila Alhamisi baada ya magharibi, hapo hapo Southall, Mama alisoma Yasini kisha akawaombea dua waliotufaa, mmoja mmoja kwa jina, na jina la baba yake kama analijua. Kwa Mama, kumwita "mtu mmoja" aliyekuokoa roho ulikuwa utovu wa adabu. Siku moja nikiwa na haraka nilimwambia kwamba Mungu anawajua tu hata bila ya kutajiwa.

"Yeye anawajua," alinijibu. "Mie nakuuliza, wewe je?"

Elena alizoea kukaa nasi Alhamisi, kitambaa kichwani kwa heshima, haelewi neno. Baada ya dua tulikunywa chai na yeye akatusimulia kwao, mimi nikimtafsiria Mama. Alisema watu wa mji wake walisoma vitabu wamesimama kwenye treni, na barabara moja nzima ilikuwa maduka ya vitabu. Waandishi waligombana mikahawani miaka nenda miaka rudi: hawa wanataka fasihi yao itazame Paris, wale wanataka itazame mbuga zao za ng'ombe na wachungaji wenye visu, na bili ya kahawa wanalipa kwa zamu. Walipokuja majenerali, vitabu vilichomwa kwa malori. Hata hadithi za watoto zilipigwa marufuku. Watu wakaanza kuchoma vitabu vyao wenyewe ndani ya mabafu, au kuvizika uani kabla gari lisilo na namba halijasimama mlangoni. Majenerali waliiita hiyo vita. Elena naye aliiita vita, ingawa watu wengi aliowaona wakichukuliwa hawakuwa na silaha yoyote.

Alhamisi moja alitusimulia jinsi alivyopona. Mwenye duka dogo la vitabu alimficha chumba cha nyuma, katikati ya maboksi, siku arobaini. Kisha akampandisha feri kuvuka mto kwenda Uruguay.

"Nani jina lake?" Mama akauliza.

Elena alisita. Akatazama mlango, mlango wetu wa Southall, halafu akalitaja jina, na la babake, na mtaa. Marta. Tangu siku hiyo Mama alimtaja Marta baada ya Nalubega, na Elena alilia kila alipolisikia.

Sasa narudi kwenye Jumamosi yangu.

Kulikuwa na jarida lililotolewa Madrid na Waargentina waliokimbia. Lilikuwa linachapisha sura moja ya riwaya ya Elena, sura niliyoipiga taipu mimi, herufi kwa herufi, kwa lugha nisiyoijua. Barua ilikuja asubuhi ile. Walitaka mistari mitano kuhusu mwandishi, hata kwa Kiingereza, wao wataitafsiri. Mtambo unangoja, waliandika, na pahali pamekwisha achwa wazi.

Nilipanda ghorofani. Elena alikuwa ametota jasho.

"Iandike wewe, Zarina," alisema. "Kiingereza chako kizuri kuliko changu."

Nilivimba kichwa, sitaficha. Kwa wakili kule Kampala niliandika barua zilizosifiwa na majaji, na hapa London nilikuwa napiga bahasha za kampuni ya bima. Nikakaa nikaandika mistari mitano ya kupendeza. Nilisema amezaliwa wapi na ameandika nini. Na kwa kuwa nililelewa na Mama yule, mstari wa mwisho nikautoa kwa shukrani: kwamba mwandishi yu hai kwa hisani ya Marta, jina kamili, muuza vitabu wa mtaa fulani, aliyemsitiri siku arobaini. Niliona huo ndio mstari mzuri kuliko yote. Elena alitia sahihi barua ya juu bila ya kusoma kilichokuwa chini yake. Saa sita mchana nikaipeleka posta mwenyewe, kwa njia ya haraka.

Jumatatu jioni Elena alishuka kula nasi kwa mara ya kwanza tangu augue. Amekonda lakini macho yamerudi. Alikuwa amepata barua kutoka kwa rafiki aliyeko Paris, na alitusimulia huku anamenya chungwa. Daktari mmoja waliyemjua amechukuliwa. Hakuwa na siasa, hakuwa na chama.

"Sasa kosa lake nini?" nikauliza.

"Jina lake lilikuwa ndani ya daftari la simu la mtu mwingine. Basi."

Alisema hivyo kisha akagawa chungwa mafungu matatu.

Nilikula fungu langu.

Nataka niseme hapa jambo ambalo Mama alikufa bila ya kuambiwa. Nilijua pale pale mezani nilichomfanyia Marta. Sikuhitaji kwenda kutazama nakala ya kaboni kwenye faili, ingawa nilikwenda, na jina lilikuwepo, safi, halina hata kosa la herufi. Mimi niliyelala chini ya majani ya migomba nikisikia buti za askari! Nalubega nilimtaja hadharani kwa sababu tulikwisha ondoka na hakuna aliyemtafuta. Marta alikuwa bado yumo dukani kwake.

Nilimtakia Elena usiku mwema, nikapanda kulala.

Jumanne nilikwenda kazini. Nilijiambia huenda bahasha imepotea. Nilijiambia watu wa Madrid si wajinga, wenyewe wamekimbia, watalifuta. Jioni Elena alinipikia chakula cha kwao kunishukuru kwa kumsaidia alipokuwa mgonjwa, nyama na zabibu kavu, akaniita dada. Nilikula nikaosha vyombo.

Jumatano asubuhi nilishindwa kuvaa viatu. Nilikaa kwenye ngazi na kiatu kimoja mkononi mpaka Elena akashuka.

Nilimwambia.

Hakupiga kelele. Rangi ilimtoka usoni, akanipita, akaenda kwenye simu ya sarafu ya ukumbini.

Madrid haikupokea.

Alipiga tena. Nilisimama nyuma yake na sarafu mkononi, nikampa moja moja. Mama alichungulia kutoka jikoni.

"Kuna nini? Mbona hujenda kazini?"

"Hakuna kitu, Mama."

Saa nne haikupokelewa. Saa sita haikupokelewa. Nilikimbia posta kupeleka simu ya maandishi: ONDOENI MSTARI WA MWISHO. Karani alinisomea maneno taratibu akiyahesabu kwa kalamu, na nyuma yangu mzee mmoja akalalamika kwamba foleni haiendi.

Saa kumi mtu akapokea.

Elena alizungumza Kihispania, haraka, kisha polepole, kisha akawa anasikiliza tu. Alikata simu akaegemea ukuta.

"Limechapwa jana," alisema.

Jana ilikuwa Jumanne.

Walikuwa na nakala nyingi bado pale ofisini, na waliahidi kuufuta mstari ule kwa wino mweusi, nakala moja baada ya moja. Lakini mafungu mawili yalikwisha kuondoka asubuhi, moja kwenda Mexico, moja Paris. Na kila mtu alijua kwamba watu wa balozi za majenerali walilisoma jarida lile kwa makini kuliko waliolinunua kwa mapenzi.

"Mpigie Marta," nikasema.

"Simu yake inasikilizwa. Nikimpigia, nimemwonyesha kidole."

Kupitia rafiki yake wa Paris alipata mtu anayesafiri, mtumishi wa ndege, akampa ujumbe wa mdomo, kwa fumbo: mgonjwa aende pwani upesi, yaani Marta akimbie. Safari ilikuwa baada ya siku sita. Siku sita hizo Elena alikaa kwenye ngazi karibu na simu. Nilimpelekea chai, aliipokea, akasema asante, akaiacha ipoe. Alhamisi Mama alisoma Yasini peke yake, na alipofika kwenye jina la Marta nilitoka nikaenda kusimama uani.

Jibu lilikuja wiki ya tatu.

Mtumishi wa ndege alikwenda mpaka dukani. Shata la chuma la mlangoni lilikuwa limeshushwa. Mwenye duka la mkate mkabala alimwambia hajui lolote, na akamwomba asisimame pale.

Elena alipanga vitu vyake mwisho wa mwezi. Alimkumbatia Mama muda mrefu. Mimi alinipa mkono. Alikwenda Madrid, na miaka yote ile aliniandikia kadi mbili, zenye adabu, zisizo na kitu ndani. Mama aliendelea kumtaja Marta mpaka mwaka aliokufa, akimhesabu katika wazima, kwa sababu sikupata ulimi wa kumwambia asifanye hivyo.

Majenerali walianguka baada ya kushindwa vita vyao na Waingereza juu ya vile visiwa vya kusini. Majirani zetu walipeperusha bendera madirishani. Nilifurahi nao, ila mimi furaha yangu ilikuwa ya jambo jingine. Elena akarudi kwao. Riwaya yake ikatoka Buenos Aires, nikaiona mara moja kwenye duka la vitabu vya kigeni mjini, nikaifungua nikatambua kurasa nilizozipiga kwa vidole vyangu. Nikairudisha rafuni.

Miaka michache baadaye alikuja Delia, mdogo wake Marta. Elena alimpa anwani yetu. Mwanamke mfupi, mwalimu wa hesabu, Kiingereza chake cha shule kama changu. Alikaa sebuleni kwetu na mkoba magotini, hakuvua koti. Nilimwekea chai na kashata.

"Nataka siku," alisema. "Siku gani uliandika, siku gani uliposti, siku gani ulisema."

Nilimwambia zote. Sikuficha ile Jumatatu wala ile Jumanne. Aliandika kwenye daftari dogo la mistari, kisha akakaa akilitazama.

Nikamuuliza walimchukua lini.

"Hatujui. Mwenye mkate anasema kabla ya Pasaka. Mwanamke wa ghorofa ya juu anasema baada yake. Kama ni kabla, si wewe. Duka lilikuwa na daftari la wateja, na watu wa majenerali daftari liliwatosha." Akafunga kalamu. "Kama ni baada, sijui. Mama yangu ana miaka themanini. Anataka kujua."

"Nakala ninayo bado," nikasema. "Ile ya kaboni. Ukiitaka."

"Ina nini ambacho sikijui?"

Nilimsindikiza stesheni kwa miguu, High Street nzima, kati ya mafungu ya bamia na vitambaa vya harusi, watu wakinisalimu kwa jina. Tulisimama jukwaani tukingoja treni ya Paddington. Ndipo akaniuliza, akitazama reli.

"Zile siku mbili. Uliogopa nini? Hapa hakuna askari."

Nilitafuta jibu la heshima. Nilifikiria kumsimulia Kampala, stoo ya ndizi, buti. Lakini Jumatatu ile sikuwa nimefikiria Kampala hata kidogo.

"Aibu," nikasema. "Niliogopa Elena asiniheshimu tena. Hilo tu."

Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepewa hesabu ikatoka alivyodhani. Treni iliingia. Alipanda, akageuka mlangoni, na hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali kwangu angekuwa nayo.

"Marta naye aliogopa," alisema. "Kila siku, siku zote arobaini. Aliniambia kila alipompelekea Elena chakula alisimama kwanza mbele ya mlango. Lakini alifungua."

Milango ikafungwa. Nilikaa kwenye benchi la jukwaani mpaka treni mbili nyingine zikapita, kisha nikarudi nyumbani kutoa vikombe.