Jogoo wa Shangazi Haingii Jikoni

Ilikuwa Jumapili, saa kumi na nusu jioni, nikiwa darasa la sita, shangazi alipoingia uani kwetu Gare akitokea Magoma, jogoo mwekundu kwapani.

Enzi zetu (cheka tu, niko kidato cha tatu lakini nami nina enzi zangu) watoto ndio tulikuwa waganga wa kuku. Kuku akichechemea, unamgeuza unatazama unyayo. Ukikuta kidonda unakiosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Akitoka vipele vya ndui kwenye upanga huvibandui. Unamtenga, unamsafisha macho, unasubiri vikauke. Aliyeponyoka kwenye kucha za mwewe tulimficha chini ya tenga, maana wenzake wakiona damu watamdonoa mpaka wammalize. Vidole vyangu vilinuka moshi na manyoya hadi shuleni. Mdogo wangu siku hizi akiona kuku anachechemea, anampiga picha.

Kwetu kuku wa zawadi huzungushwa mara tatu kwenye mafiga ili asitoroke, kisha analala humo humo jikoni na wenyeji wake. Mama akanikabidhi mimi. Nikamkumbatia yule jogoo, nikasikia kifua kinakoroma. Mabawa yamelegea. Mara akaniharishia sketi, uharo wa kijani kama kisamvu kilichopondwa.

Nilijua ni mdondo, ugonjwa unaoambukiza na kumaliza kuku wa nyumba nzima. Nilikuwa namshikia bwana mifugo kuku wetu akiwatia tone la chanjo jichoni, na alinieleza dalili mpaka nikazikariri. Alisema ukishaingia hauna dawa, hata maji ya pilipili ni kujifariji tu. Na muda wa chanjo ya kuku wetu ulikuwa umeshapita. Jikoni walikuwamo tisa, akiwemo Madoa wangu, ameatamia mayai kumi na moja.

Lakini mimi ni yule mtoto ambaye mgeni akibisha hodi najificha nyuma ya mlango. Nikasimama kizingitini.

"Unangoja nini? Anakung'ata?" shangazi akacheka.

"Shangazi, huyu anaumwa. Haingii."

"Amechoka na safari tu, mpe pilipili. We mtoto, zawadi yangu ilale nje kama mwizi?"

Mama akanitolea lile jicho la tutaonana mgeni akiondoka. "Mwombe radhi shangazi yako, umwingize."

"Naomba radhi, shangazi," nikasema, machozi yananitoka. "Lakini simwingizi."

Nikampeleka kwenye kibanda cha kuni, kule ng'ambo ya migomba, nikamfunika tenga na kumwekea maji. Sketi niliivua huko huko, nikarudi nimejifunga gunia.

"Makubwa! Na nguo nazo zinaumwa?" shangazi akauliza. Mama akacheka bila kupenda.

Sasa tuna banda la mabati, na mafiga yamepisha jiko la gesi. Kuku hawalali tena na watu. Ni salama zaidi, hilo sibishi. Ila nakosa kuwasikia wakigunaguna majivuni wakati tunakula, na nakosa ule ujuzi wa kumtambua kila mmoja kwa pumzi yake. Wadogo zetu wanawajua kuku wao kwa idadi tu.

Asubuhi yake nilimkuta jogoo amekufa, shingo imepinda. Nikachimba shimo refu, nikamfukia kabla kuku wetu hawajafunguliwa, nikanawa kwa sabuni hadi viwikoni. Kugeuka, shangazi huyo amesimama kwenye umande.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akalitazama lile kaburi. "Kwangu nimeacha kumi na wawili. Mmoja naye alikuwa akikoroma. Nikifika nianzie wapi, mwanangu?"

Nikaokota kijiti, nikamchorea kwenye udongo mabanda mawili yaliyoachana mbali, nikamwambia kila siku aanze kuwalisha walio wazima, asije akawabebea ugonjwa.